Jarida letu la mawe: PDF ya A4, EPUB, au ukurasa mdogo wa simu?

Mwanamawe_Katuba
Jambo yenu wandugu. Makala za toleo la kwanza zipo, picha zipo, lakini umbo la jarida bado, na bila umbo siwezi kupanga hata ukurasa mmoja. Nimebaki na njia tatu: PDF ya A4 yenye safu mbili, kama majarida ya vyuo, EPUB, ambayo maandishi yake yanajipanga upya kufuata kioo, au kurasa za wavuti tu. Moyo wangu uko kwenye A4. Linaonekana jarida kweli, na PDF inafunguka kwenye simu nyingi bila kutafuta programu nyingine. Semeni, lakini na sababu.

Mama_Malakiti
Mwanangu, chukua rula kwanza. Kioo cha simu kina upana wa sentimita 7 hivi, A4 ina 21. Ukurasa ukiingia mzima, kila kitu kinabaki theluthi: herufi ya pointi 12 inaonekana kama ya pointi 4. Sisi wenye miwani tutaachia kwenye aya ya kwanza. Tena safu mbili! Unakuza, unashuka hadi chini, kisha unapanda tena kulia kutafuta sentensi ilikoendelea. Safu mbili zina faida kwenye karatasi pana, kwa sababu mstari mrefu unapoteza jicho. Kwenye simu mstari ni mfupi tayari.

Renieriti_Kipushi
Mama amesema. Ndiyo maana mimi ni wa EPUB. Kila mtu anakuza herufi apendavyo, na LibreOffice inatoa EPUB bure tangu toleo lake la 6.0 la mwaka 2018. Kurasa za wavuti sizitaki: mtu akiishiwa mega, jarida limefungwa. Faili anabaki nayo hata kuran (umeme) ikikatika na mtandao ukienda.

Papa_Ruashi
Ndugu wa Kipushi, kuhusu wavuti tuko pamoja. Kuhusu EPUB, hapana. Wasomaji wetu watapokea faili kwa WhatsApp. Akibonyeza na simu ikamwambia haina programu ya kuifungua, wengi wataishia hapo.

Halafu kuna jambo linalonigusa zaidi. Kornetiti, madini ya shaba, ilielezwa mara ya kwanza kwa mawe ya mgodi wa Étoile, hapa hapa kwetu Lubumbashi, na renieriti, madini mengine, kwa mawe ya mgodi wa Kipushi. Tunachoandika kuhusu mawe haya lazima mtu aweze kukitaja na mwingine akakipata miaka mingi baadaye. PDF ina ukurasa wa 14, leo na kesho. Kwenye EPUB ukurasa wa 14 wangu si wako, kwa sababu herufi zangu ni kubwa kuliko zako. Itolewe kama PDF/A, aina ya kuhifadhia, kiwango cha ISO 19005 cha mwaka 2005: fonti zote, yaani maumbo ya herufi, zinakaa ndani ya faili, kwa hiyo haibadiliki ikifunguliwa kwenye mashine nyingine.

Renieriti_Kipushi
Papa, namba zinaweza kuwekwa kwenye aya badala ya kurasa. Makala 3, aya ya 7: hiyo haisogei. Ila la programu nakubali, hata kaka yangu hana.

Picha_Kolwezi
Mnabishana kuhusu herufi, na jarida la mawe ni rangi! Malakiti, jiwe letu la kijani, iliyopigwa chini ya taa ya njano inakuwa na kijani cha majani makavu, na azuriti, lile la buluu, inakaribia weusi. Naomba kila picha ipigwe kivulini mchana, na karatasi nyeupe kando, ili anayesahihisha rangi awe na pa kushikia. Rula iwe chini ya jiwe. Bila rula sijui naona punje au tofali.

Kwenye mpangilio, picha ijaze upana wote wa ukurasa na maelezo yakae chini yake. Msizungushie maneno pembeni. Upana wa pikseli 1,200 unatosha simu. Na mnaponitumia, tumeni kama dokumenti: ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na nyuzi za malakiti zinayeyuka zote.

Jambo dogo lakini linaniuma: fomula. Malakiti ni Cu₂CO₃(OH)₂, na hizo namba zikae chini ya mstari. Fonti isiyo nazo tuitupe.

Mama_Malakiti
Basi kwa nini PDF iwe A4? Ukurasa wa A6 ni milimita 105 kwa 148. Kwenye simu ile ile, pointi 12 inaonekana kama 8 hivi, inasomeka bila kukuza. Safu moja. Kurasa zina namba, Papa hana wasiwasi. Na kurasa 4 za A6 zinaenea sawasawa kwenye A4 moja, kwa hiyo wazee wa Kamalondo wasiotaka simu watachapiwa pale kwenye fotokopi kwa karatasi chache.

Mwanamawe_Katuba
Mama, umenitoa kwenye A4. Lakini jedwali la vielelezo lina safu 6. Litaingiaje kwenye milimita 105?

Mama_Malakiti
Lisiingie. Kila jiwe lipewe kadi yake: picha juu, kisha jina, fomula, machimbo lilikotoka, ukubwa, aliyeliokota, kila kimoja mstari wake. Jiwe moja, ukurasa mmoja.

Papa_Ruashi
Kadi nimezipenda sana. Machimbo yaandikwe kwa jina kamili, siyo "Katanga" tu. Jiwe lisilo na kwao limepoteza nusu ya thamani. Na muhtasari wa Kifaransa uwe mwishoni mwa kila makala, aya moja. Lugha mbili ubavu kwa ubavu hazienei kwenye ukurasa huo.

Mwanamawe_Katuba
Sawa. Napanga kwa A6, safu moja, PDF/A, kadi kwa kila jiwe. Naanza na makala ya Kipushi maana ndiyo yenye picha nyingi, nitaiweka hapa muifungue kwenye simu zenu, hasa zile za kioo kidogo.

Renieriti_Kipushi
Niachie maandishi, na nikishamaliza kusahihisha nitatoa na EPUB kando kwa wanaoitaka. Namba za aya ziwe zile zile kwenye zote mbili.

Picha_Kolwezi
Makala ya Kipushi, picha ya pili na ya tano hazina rula. Nani ana mawe yenyewe? Yapigwe upya kabla hayajapangwa.