Mrejesho: lile swali la jiwe la ghorofani limekubali

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: jiwe linarushwa kutoka juu ya paa lenye kimo cha mita 15, kwa mwendokasi wa mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 juu ya mlalo. Linatua umbali gani kutoka jengoni? Mimi nilikuwa napata 34.6, majibu ya kitabu yanasema 52.

Kosa nimeliona. Nilibeba fomula ya masafa, u²sin2θ/g (u ni mwendokasi wa kurushia, θ ni pembe, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), kumbe inafaa pale tu jiwe linapotua usawa uleule lilikorushwa. Nikatenganisha wima na mlalo kama mlivyoshauri. Wima: 20 sin 30 = 10, na g nikachukua 10. Mara ya kwanza niliandika +15, hesabu ikagoma kabisa. Ndani ya kipeuo kuna −8! Kumbe chini ya paa ni hasi, jamani. Basi, t ikiwa sekunde za kuwa hewani, −15 = 10t − 5t², yaani t² − 2t − 3 = 0; t ni 3 au −1. Hiyo −1 nikaitupa. Mlalo: 20 cos 30 = 17.3, na 17.3 × 3 = 51.9.

Uliyenikazania nichore mchoro kwanza, soda yako ipo.