Mnaomsifu Punisher, someni kwanza hizo komiki zenyewe!

Jamani, nimechoka. Wiki nzima hapa ni wimbo mmoja: Kisauni, Mombasa, kuna vijana wa panga, polisi hawaonekani, basi tupate Punisher wetu, yule wa komiki za Marvel anayewaua wahalifu kwa mkono wake. Na mapicha ya fuvu jeupe, alama yake, juu. Kuna hata mmoja wenu aliyezisoma?

Mimi nimezisoma. Frank Castle, ndiye huyo Punisher, alitokea mara ya kwanza Februari 1974, kwenye The Amazing Spider-Man namba 129. Alikuwa akimwinda nani? Spider-Man! Jackal, adui wa Spider-Man, alimtia maneno, naye akaamini Spider-Man ndiye aliyemuua tajiri Norman Osborn, akabeba bunduki akaenda. Yaani huyo mnayemwita haki, siku ya kwanza kabisa tunamwona, anamwinda mtu asiye na hatia. Gerry Conway, aliyeiandika, hakulificha. Nyinyi mmetazama bunduki tu.

Castle namhurumia, wallahi. Mke na watoto wawili kuuliwa mbele ya macho yako pale Central Park, nani asingerukwa na akili? Lakini amewasaka waliohusika, kisha wengine, kisha wengine, na hajui tena kuishi bila kuua. Hata mwenyewe hataki kuigwa: kwenye toleo moja la 2019 askari wanamwonyesha stika ya fuvu lake kwenye gari lao, anaibandua, anaichana, anawaambia wamfuate shujaa Captain America.

Sasa linaloniuma. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa Kongowea akingoja matatu. Mama mmoja akapiga ukelele, simu imeibwa. Mdogo wangu alikuwa karibu, ameshika simu. Yake mwenyewe! Hakuulizwa hata jina. Walimvunja mkono, meno mawili yakang'oka. Simu ya yule mama ikaonekana ndani ya kikapu chake mama mwenyewe, chini ya mchicha. Mmoja wa waliopiga alivaa fulana ya mtumba yenye fuvu lile lile. Pole hatujaisikia mpaka leo.

Msiniambie sijui hofu. Mamangu hatoki nje baada ya Isha kwa sababu ya hayo mapanga. Lakini wewe unayeandika "wachomwe tu", nijibu: Jackal wa kumtia maneno huyo Punisher wako atakuwa nani? Na akimkosea mwanao, utamshtaki wapi? Nijibuni hapa hapa, na mapicha ya fuvu wekeni kando.