Gumzo la familia: Ujasiri wa mambo madogo

Kitindamimba: Shikamooni wote. Nimeombwa niongoze kikundi cha vijana kanisani, bado sijajibu. Nikisimama tu mbele za watu magoti yanagongana. Sidhani kama ni mimi.

Babu: Marahaba mjukuu wangu.

Dada: Si wewe uliyekataa kumsainia mwenzako mahudhurio, darasa zima likakununia?

Kitindamimba: Lile lilikuwa jambo dogo, dada. Na sauti ilikuwa inatetemeka.

Shangazi: Dogo machoni pako. Hebu msome Gideoni, Waamuzi 6. Kabla ya kupambana na Wamidiani, adui wa Waisraeli, alipewa kazi ya nyumbani kwao: abomoe madhabahu ya mungu Baali ya baba yake mwenyewe na kuikata Ashera, nguzo ya kuabudia sanamu, iliyokuwa karibu nayo. Akachukua watumishi 10, akaifanya usiku, na Biblia haifichi sababu: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na wa mji. Lakini kulipokucha madhabahu ilikuwa chini! Watu wakaja wakitaka auawe, na aliyemtetea ni baba yake huyohuyo mwenye madhabahu. Tarumbeta ya kuita watu vitani ilipigwa baada ya hapo, na lile jeshi la watu 300 likaja baadaye kabisa.

Shangazi: Mungu hakungoja hofu imwishe kwanza. Hapo ndipo huwa naguswa sana 🙏

Mjomba: Daudi naye. Simba na dubu aliwapiga huko malishoni, hakuna wa kumshangilia. Mfalme Sauli alipomwambia hamwezi Goliathi, hao ndio aliowataja.

Dada: Amina. Ila tunaongea kana kwamba kila mtu hufaulu. Aliyeshindwa hilo dogo je?

Mama: Petro, mwanangu. Aliyemtisha uani ni kijakazi, wala si askari, naye akakana kwamba anamjua Yesu. Ukifika Matendo 4 unamkuta mbele ya Anasi na Kayafa, wakuu wa makuhani, anajibu waziwazi. Katikati hapo Yesu mfufuka alimrudia, akadumu na wenzake katika kusali, Roho akashuka. Kwa hiyo tusiugeuze ujasiri kuwa mazoezi ya nguvu zetu tu.

Kitindamimba: Basi toka hapo hakuogopa tena, Mama?

Mama: Soma mpaka mstari wa 29. Wametishwa, wakaachiliwa, wakarudi kwa wenzao kuomba. Hawakuomba vitisho viondoke, waliomba wajaliwe kulinena neno kwa ujasiri. Na hao ndio walikuwa wametoka kulinena mbele ya baraza zima.

Mjomba: Mstari huo nitausoma tena leo.

Babu: Saa 2 usiku tupigiane simu ya pamoja tuombe. Mjukuu wangu, wewe utafungua.

Kitindamimba: Mimi Babu? Mbele yenu wote?

Babu: Wewe. Maneno machache yatatosha.

Kitindamimba: Haya Babu. Nitafungua.