MJADALA: Wesley So aliisaliti Ufilipino, au Ufilipino ndiyo ilimwachia mkono?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa wanariadha wanaobadili uraia kuna mtu alimtaja Wesley So akamwita msaliti aliyeuza bendera. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu.

Kwa asiyemfahamu: So ni mchezaji wa sataranji (chesi, kwa vijana) aliyezaliwa Bacoor, mkoani Cavite, Ufilipino, Oktoba 1993. Ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa sataranji, aliupata mwaka 2007 akiwa na miaka 14. Umri huo wengi wetu tulikuwa tunahangaika na hesabu za sehemu. Akawa tegemeo la timu ya taifa, na 2012 akapata nafasi Chuo Kikuu cha Webster, St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, kwenye programu ya sataranji iliyokuwa chini ya kocha Susan Polgar. Juni 2014 akahama rasmi kutoka chama cha Ufilipino kwenda chama cha Marekani.

Yaliyofuata ndiyo yanawauma watu. Baku 2016 alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiadi (mashindano ya dunia ya timu za taifa za sataranji, siyo Olimpiki), ya kwanza kwao tangu 1976. Mwanzoni mwa 2017 akachukua ubingwa wa Tata Steel pale Wijk aan Zee, Uholanzi, kiwango chake (alama zinazopima ubora wa mchezaji) kikafika 2822 na akawa namba mbili duniani. Mwaka huohuo akawa bingwa wa Marekani. Mwaka 2019 akamchapa Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wakati huo, 13.5 kwa 2.5 kwenye fainali ya dunia ya sataranji ya Fischer, ile ambayo kete za nyuma hupangwa kwa kura. Carlsen, nyumbani kwake Norwei! Yote hayo chini ya bendera ya nyota na mistari.

Msimamo wangu: hakumsaliti mtu. Chama kilimpoteza, tena kwa ugomvi wa makaratasi.

Julai 2013 So alileta dhahabu kutoka Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia, Kazan, Urusi. Badala ya ngoma na vigelegele ukazuka mvutano wa wakubwa, kwa sababu shirikisho la michezo ya shule na vyuo lililompeleka lilikuwa halitambuliwi na Kamati ya Olimpiki ya Ufilipino. Bonasi ya serikali ikakwama hapo. Kijana kashinda, lakini medali yake haina mwenyewe kwa sababu wazee wawili hawasalimiani.

Baada ya hapo akaomba kuhama, na chama hakikuridhia upesi. Kwa taratibu za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, za wakati ule, mchezaji wa daraja lake akihama alikuwa na njia mbili: akae miaka miwili bila mashindano rasmi ya FIDE, au chama cha zamani kilipwe fidia, ambayo kwake ilikuwa yuro 50,000. Mwanafunzi wa miaka 20 azitoe wapi? Akaandika barua ya wazi akiomba aachiwe. Mimi nikifika kwenye hiyo barua ndipo neno usaliti linaponishinda kulitamka.

Karibuni. Matusi hapana.

Mkongwe wa Ilala

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka jina moja, nadhani kwa makusudi: Eugene Torre.

Torre, mtoto wa Iloilo, ndiye grandmasta wa kwanza Asia nzima. Cheo alikipata kwenye Olimpiadi ya Nice, Ufaransa, 1974. Siyo Uchina wala India, Ufilipino ilitangulia. Mwaka 1976 pale Manila kulikuwa na mashindano ya watu wanne, mmoja wao Anatoly Karpov, bingwa wa dunia. Torre alimfunga na akamaliza juu yake. Mwaka 1982 akafuzu kupitia Toluca, Meksiko, akaingia kwenye wanane waliowania haki ya kumvaa bingwa. Ribli wa Hungaria ndiye aliyemtoa, 6 kwa 4. Na Olimpiadi ameichezea nchi yake mara 23, rekodi ya dunia.

Unadhani huyo hakuona njaa ya chama? Unadhani 1974 kulikuwa na mteremko? Alibaki. So angeweza kubaki.

Halafu hiyo Baku unayoitaja kwa mbwembwe, malizia hadithi. Kila timu hucheza mbao nne, wakali wakiwa juu, na kila ubao una medali zake. So alicheza ubao wa tatu wa Marekani akachukua dhahabu ya ubao huo. Shaba ya ubao huohuo ilikwenda kwa nani? Torre, ubao wa tatu wa Ufilipino, pointi 10 kati ya 11, bila kupoteza hata mchezo mmoja. Ana miaka 64! Babu anaibeba timu mgongoni, na kijana aliyepaswa kuwa ubao wa kwanza kakaa meza za mbele na Wamarekani. Hiyo picha mimi hainipi usingizi.

Chumvi Kidogo

Samahani, kwani sataranji nayo ni mchezo? Watu wamekaa tu.

Kete Nyeusi

Chumvi Kidogo, kaa saa tano ubaoni halafu uje utuambie.

Mkongwe, shikamoo. Kuhusu Baku umesema kweli tupu, na niongeze kwamba Torre alikuwa na pointi 10 na So 8.5 ila dhahabu ikaenda kwa So kwa sababu medali za mbao hupimwa kwa kiwango cha uchezaji, na kiwango hicho kinazingatia ubora wa wapinzani. Marekani ilikuwa inakutana na vigogo kila raundi, Ufilipino hapana.

Lakini kumlinganisha Torre na So ni kulinganisha vipindi viwili ambavyo havifanani hata chembe. Torre alikulia wakati ambapo sataranji ilikuwa mradi wa serikali. Rais Marcos aliipenda kwa sababu ilimpa jina nje. Florencio Campomanes, Mfilipino, alikuwa anajua milango yote, na baadaye akawa rais wa FIDE kuanzia 1982 hadi 1995. Manila ilitenga dola milioni 5 kwa pambano la ubingwa wa dunia la Fischer na Karpov mwaka 1975, pambano ambalo halikufanyika kwa sababu Fischer aligoma. Mwaka 1978 Baguio ikaandaa ubingwa wa dunia, Karpov na Korchnoi, miezi mitatu. Olimpiadi ya 1992 ikaenda Manila. Torre hakuhitaji kwenda kutafuta wakali, wakali waliletwa mlangoni kwake. Thessaloniki 1988 timu yao ilishika nafasi ya saba duniani, na hayo yalikuwa matunda ya uwekezaji wa miaka mingi.

So alikuta nini? Wazazi wamehamia Kanada, yeye kabaki peke yake akiwa bado kijana, na mashindano makubwa yote yako Ulaya na Marekani. Mchezaji wa 2600 anayetaka kufika 2800 lazima akutane na wa 2700 mara kwa mara, vinginevyo anazunguka palepale. Hilo halitibiwi na uzalendo, linatibiwa na tiketi za ndege, kocha na wasaidizi wa kuandaa hatua za mwanzo za mchezo.

Kwa hiyo Torre alibaki kwenye nyumba yenye paa. Usimlaumu aliyehama kwenye nyumba inayovuja.

Bonde la Ufa

Habari zenu ndugu zangu wa Bongo. Sisi Wakenya hii ngoma tuliicheza zamani.

Stephen Cherono mwaka 2003 alikwenda Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi huohuo wa Agosti akashinda mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia, Paris, akimwacha Ezekiel Kemboi wetu nyuma. Ndugu yake wa damu, Abraham, alikuwa kwenye mbio zizo hizo amevaa jezi ya Kenya. Niliangalia ile fainali kwenye runinga na nakwambia watu hawakujua washangilie au wanune.

Kisha ikaja Athens 2004. Kenya ikakataa kumwondolea muda wa kusubiri, na Shaheen akakaa nje ya Olimpiki. Baada ya Michezo tu, Septemba, akavunja rekodi ya dunia kule Brussels, 7:53.63. Tulipata faida gani kwa kumzuia? Tuseme ukweli, dhahabu ya Athens tulichukua sisi, tena fedha na shaba pia. Kwa hivyo wakubwa wetu wangekwambia walifanya sawa kabisa.

Mimi niko katikati. Shaheen alifuata pesa na hakuficha. So alifuata mashindano na mahali pa kukaa. Kimaadili naona tofauti, lakini kwa chama kilichoachwa maumivu ni yale yale.

Mama Junior

Jamani niko Muscat, wodini kwetu wauguzi wengi ni Wafilipino. Naomba nichangie kutoka hapo.

Nchi yao imejenga utaratibu mzima wa kupeleka watu nje: kuna idara, mafunzo, hata foleni maalumu uwanja wa ndege. Rais Corazon Aquino mwaka 1988 aliwaita wafanyakazi wa ughaibuni mashujaa wapya wa taifa, na sifa hiyo inarudiwa mpaka leo. Fedha wanazotuma nyumbani zinabeba uchumi. Sasa nieleze wewe unayesema usaliti: muuguzi akiondoka Cebu akahudumia wagonjwa wa Oman ni shujaa, lakini mchezaji akiondoka Cavite akasogeza kete Missouri ni msaliti? Hospitali za kwao pia zina wagonjwa.

Dada mmoja ninayefanya naye zamu nilimuuliza kuhusu So. Akacheka akasema, "Hapa sisi sote tumehama, yeye kosa lake ni kwamba alionekana kwenye televisheni."

Mkongwe wa Ilala

Mama Junior, heshima yako. Ila muuguzi havai jezi ya taifa. Hapigiwi wimbo. Anayebeba bendera amekubali jambo zaidi ya ajira.

Na wewe Kete Nyeusi unaponiambia nyumba inavuja, nani ataiziba kama kila fundi anaondoka? Watoto wa Cavite wanaoanza sataranji leo wanaangalia nani? Torre aliwapa mtu wa kumsalimia barabarani.

Mleta mada

Mkongwe, hoja ya bendera ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye sataranji unachezea chama, hukaguliwi pasipoti. So aliingia chama cha Marekani 2014, uraia wa Marekani kaupata Februari 2021. Katikati hapo kachukua dhahabu ya Baku, kawa bingwa wa Marekani, kamfunga Carlsen, akiwa raia wa Ufilipino! Kama kuapa kwa bendera ndiko kipimo, usaliti wake ulianza miaka saba baada ya nyie kumhukumu.

Na msidhani alifika peponi. Ubingwa wa Marekani wa 2015, raundi ya tisa dhidi ya Varuzhan Akobian, mwamuzi alisimamisha mchezo baada ya hatua sita tu na kumpa So sifuri. Kosa? Alikuwa na karatasi chini ya ile ya kuandikia hatua, anajiandikia maneno ya kujituliza: kagua tena, tumia muda wako. Hakuna hata hatua moja ya mchezo iliyoandikwa pale. Lakini kanuni inakataza maandishi mengine yoyote, na alishaonywa. Wamarekani hawakumbembeleza eti nyota wao mpya. Kijana wa miaka 21 anayejiandikia vikaratasi kama mtoto kabla ya mtihani. Mimi pale namwona mtu mpweke kuliko ninavyomwona mfanyabiashara wa bendera.

Kuhusu watoto wa Cavite, swali zuri. Ila wanachojifunza kwa So na wanachojifunza kwa chama chao ni masomo mawili, na la pili hatujalijadili kabisa.

Kete Nyeusi

Basi tulijadili. Mimi ningefuta ile miaka miwili kwa mchezaji yeyote chini ya miaka 21. Chama kikitaka kumzuia, kwanza kioneshe risiti: kambi ngapi, kocha nani, tiketi zipi kililipa. Fidia ilingane na risiti, isilingane na kiwango cha mchezaji. So alifika alipofika kwa juhudi zake kwa sehemu kubwa, halafu bei ya kuachiwa inapanda kadiri anavyokuwa mkali. Yaani anatozwa kwa akili yake mwenyewe.

Bonde la Ufa

Risiti naunga mkono. Kufuta muda wa kusubiri, hapana. Riadha walilegeza, na Ghuba na Uturuki wakawa wanachukua vijana wetu mpaka shirikisho la dunia likasimamisha uhamisho wote Februari 2017. Ukiondoa lango kwenye sataranji, tajiri mmoja atanunua mbao zote nne za Olimpiadi kwa mkupuo. Ile timu ya Marekani ya Baku hebu ihesabu: Caruana katoka chama cha Italia 2015, So katoka Ufilipino 2014. Mbao mbili kati ya tatu za juu. Na walilingana pointi na Ukraine, wakashinda kwa kigezo cha ziada tu.

Mkongwe wa Ilala

Haya, huyo Mkenya kanisaidia kazi. Kete Nyeusi, nijibu hilo la Ukraine. Ondoa So kwenye ubao wa tatu, dhahabu ya Baku ni ya nani?

Kete Nyeusi

Ya Ukraine, Mzee. Na ukimrudisha So Ufilipino, ubao wa kwanza, Torre wa tatu bado yupo. Hapo nami naumia. Ila hiyo timu ingemlipa nani, na kwa bajeti ipi?