Naombeni ushauri: nyumba ndogo ya mapumziko Unguja, ninunue Paje au Fumba?

MwalimuWaNjoro
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni Mkenya, naishi Njoro karibu na Nakuru. Nimefundisha shule ya msingi miaka 29 na mwakani nastaafu. Tangu 2014 nimekuwa na ndoto ya kijumba karibu na bahari Unguja, vyumba viwili na baraza, niwe naenda Agosti na Disemba pamoja na wajukuu, na miezi mingine nipangishe wageni ili kijilipie. Nimezunguka wee mtandaoni na sasa nimebaki na sehemu mbili. Kuna nyumba iliyokwisha jengwa Paje, karibu kabisa na ufuo, dola 38,000. Halafu kuna fleti ya chumba kimoja Fumba, bei inakaribiana ila haina ua wala mchanga wa kukanyaga. Moyo wangu uko Paje. Lakini usiku silali, naogopa kukosea. Mnaoishi huko na mliowahi kununua, nishaurini. Naomba tusitaniane, ni pesa ya jasho.

Kipepeo_Mweupe
Siti ya mbele. Nasubiri wajuzi.

FundiBati_Tanga
Mwalimu karibu. Mimi ni fundi ujenzi, nimefanya kazi Pangani na Unguja pia. Nyumba ya pwani usiitazame kama nyumba ya Nakuru. Chumvi inakula kila kitu: bawaba, kufuli, bati, friji, feni. Bati jembamba halikai. Kama imeezekwa makuti, jua kila baada ya miaka michache unaezua na kuezeka upya. Kikubwa zaidi muulize muuzaji alijengea mchanga gani. Wapo wanaochota mchanga wa ufuoni kwa sababu ni wa bure. Ule una chumvi, nondo zinapata kutu ndani ya zege, zinavimba, nguzo inapasuka. Ukiona ufa umenyooka kufuata nondo, usinunue hata kama kuta zimepakwa rangi jana. Niliwahi kuitwa kukarabati nyumba ya mzungu mmoja, nimegonga nguzo kwa nyundo mara mbili tu, kipande kikubwa kama mkate kikaanguka, nondo ndani imebaki nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Mwenye nyumba alikaa chini akalia. Nyumba ilikuwa haijafika miaka tisa.

Bwana_Hesabu
Mwalimu, gesti nzuri ya dola 40 kwa usiku, ukakaa siku 21 kwa mwaka, ni dola 840. Gawanya 38,000 kwa 840, ni miaka 45 ya likizo. Hapo hujamlipa mlinzi, hujalipa umeme, hujamwita fundi. Sioni sababu ya kununua.

MwalimuWaNjoro
Ahsanteni. Fundi, nitauliza habari ya mchanga. Bwana Hesabu, hesabu yako ni sahihi, lakini gesti huwezi kupanda mwembe.

MzeeWaRusizi
Mama, nakuandikia kutoka Bujumbura. Sisi hatuna bahari, tuna ziwa, na tulidhani ziwa halina ubaya. Shemeji yangu alijenga Gatumba, nyumba ya kupumzikia, na akapanda miti ya maparachichi. Tanganyika ikaanza kupanda mwaka hadi mwaka. Aprili 2024 tulienda kutoa godoro kwa mtumbwi. Mtumbwi uliingia mlangoni, mama, nikaufunga kwenye nondo za dirisha la jikoni. Maparachichi yamekufa yote yamesimama. Ukinunua karibu na maji, waulize wazee maji yalifika wapi walipokuwa watoto.

Pwani_Tupu
Kwani Kilifi kuna nini? Diani je? Una pwani nzima kwenu, unavuka mpaka kutafuta matatizo ya watu. Mimi ni Mkenya mwenzako na nakwambia nunua kwenu.

MwalimuWaNjoro
@Pwani_Tupu Kilifi nimefika na ni kuzuri. Lakini mwaka 2014 walimu wa wilaya yetu tulifunga safari ya Unguja siku nne, na Forodhani jioni ile niliketi ukutani nikila urojo, vijana wanaruka majini mmoja baada ya mwingine, jua linaingia baharini. Mama yangu alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Nililia pale na hakuna aliyenisumbua. Tangu siku hiyo nimejua ni hapo.

KaraniWaArdhi
Mwalimu pole na msiba, ijapokuwa ni wa zamani. Nina swali moja tu na naomba ulijibu kabla ya habari za bati na mchanga. Hati ya hiyo nyumba ya Paje itasoma jina la nani?

Ngoma_Droo
Si jina lake? Tupo Afrika Mashariki moja, Mkenya siyo mgeni.

KaraniWaArdhi
@Ngoma_Droo hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, kifungu cha 15, imeacha suala la ardhi kwenye sera na sheria za kila nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Zanzibar ni habari nyingine kabisa: ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais, na Sheria Na. 12 ya 1992 inampa haki ya matumizi Mzanzibari. Hata mimi wa Morogoro siendi Paje nikachukua kiwanja kama ninavyochukua Kihonda. Mgeni hukodishwa na Serikali kupitia taratibu za uwekezaji, au hununua fleti kwenye mradi uliosajiliwa chini ya sheria ya kondominiamu ya 2010, yaani majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe. Ndiyo maana Fumba wageni wananunua. Nyumba ya mtu binafsi kijijini Paje kwa dola 38,000, mgeni anaipataje? Narudia swali: jina la nani?

MwalimuWaNjoro
Hayo ya karatasi yanashughulikiwa na mtu ninayemwamini. Mimi ningependa tuzungumzie maeneo. Je, Paje maji yanatoka? Umeme?

Dada_Tumaini
Mwalimu umeulizwa swali mara mbili.

Mwana_Jambiani
Mie mzaliwa wa Jambiani, jirani na Paje. Umeme upo, ila tunautoa Bara kwa waya wa chini ya bahari, na ulipoharibika Disemba 2009 Unguja nzima tulikaa gizani hadi Machi. Maji ya kisima huku yana chumvi, chai haipikiki, wenye uwezo wananunua kwa gari. Na bahari yenyewe, bibie, hapa maji yakitoka yanatoka khasa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita siku nyingine, unatembea hadi kule kwenye mwamba, kina mama wako kwenye mashamba yao ya mwani, wewe na wajukuu mnasubiri maji yarudi ndiyo mwogelee. Wageni wengine hukasirika. Sisi ndiyo maisha yetu.

MwalimuWaNjoro
Ahsante sana kaka wa Jambiani, hayo ndiyo niliyoyahitaji. Haya, na nyinyi nisiwafiche. Jina kwenye karatasi litakuwa la mke wa dalali, kwa sababu yeye ni Mzanzibari. Sisi tutaandikiana mkataba wa pembeni kwamba mwenye mali ni mimi, na yeye anaishikilia tu. Dalali ni kijana mwenye heshima, tumezungumza tangu Februari, ananiita mama na Idi hanisahau. Ameniambia Wazungu wengi wamenunua hivyo. Nimeshampa kianzio, dola 6,000, kwa mafungu matatu. Salio anataka kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna Muitaliano ameipenda nyumba hiyo hiyo.

KaraniWaArdhi
Nilijua.

Bwana_Hesabu
Muitaliano huwa hakosekani.

KaraniWaArdhi
Mwalimu, nisikilize kama mdogo wako. Huo mkataba wa pembeni utaupeleka mahakama gani? Utamwambia hakimu ulikubaliana na mtu mzunguke sheria, halafu akakugeuka? Mbele ya sheria mwenye nyumba ni yule mama. Akiachika, akifa, akiamua tu, wewe huna kitu. Wapo wageni waliokaa hivyo miaka kumi kwa amani, nakubali, na wapo waliofika wakakuta kufuli limebadilishwa.

Dada_Tumaini
Na mume wako anajua habari ya hizi dola 6,000?

MwalimuWaNjoro
Ni pesa yangu, sehemu yangu ya shamba la marehemu mama. Mume wangu anataka tuongeze ng'ombe wa maziwa na tumalizie ukuta. Nitamwambia nyumba ikishakuwa mkononi.

Dada_Tumaini
Dada yangu, mimi nilijenga kibanda Kibaha kwa siri nikidhani namshangaza mzee. Tukakaa mwaka mzima hatusalimiani. Alidhani nimemjengea mwanaume. Nyumba ya siri haina furaha, hata ukifungua dirisha unafungua kwa woga. Mwambie leo.

Ngoma_Droo
Wanaume nasi tusisahaulike, wangapi humu wana viwanja vya siri? Tusimwonee mwalimu.

MwalimuWaNjoro
Mnanihukumu kama mtoto. Nyumba nimeiona kwa video, siyo maneno matupu. Video nimeitazama hadi naijua yote. Kijana anaingia sebuleni, sakafu ni saruji nyekundu, kuna kitanda cha Kizanzibari. Anafungua mlango wa baraza na mbele ni bahari, jua linazama majini, jekundu, na ngalawa mbili zinapita. Anasema, "Mama, hii ndiyo Paje yako." Mngeiona msingesema haya.

Mwana_Jambiani
Jua linazama majini wapi?

MwalimuWaNjoro
Paje, mbele ya nyumba.

Mwana_Jambiani
Bibie, Paje ni mashariki. Kwetu jua linachomoza baharini. Jioni linazama nyuma yetu, upande wa barabara, juu ya minazi. Tangu nizaliwe sijapata kuliona likizama majini Paje, wala baba yangu hakuliona.

Ngoma_Droo
CHAI! Wakuu tumelishwa chai kurasa mbili nzima. Huyu ni dalali mwenyewe anatangaza nyumba.

Kipepeo_Mweupe
Na mimi niliona msiba, urojo, wajukuu, nikajua hapa kuna mtunzi. Akaunti yenyewe imefunguliwa wiki hii.

Bwana_Hesabu
Nimepoteza hesabu zangu bure. Modereta funga uzi.

FundiBati_Tanga
Mimi niliandika mkono unauma. Kama ni hadithi si vizuri, watu tunatoa ujuzi wetu kwa moyo.

MwalimuWaNjoro
Sijatunga. Wallahi sijatunga, na mimi ni Mkristo lakini naapa hivyo hivyo. Akaunti ni mpya kwa sababu sikuwa na mtu wa kumuuliza. Sikuwahi kufika Paje. Mwaka ule tulilala Mji Mkongwe siku zote nne, na Forodhani jua lilizama baharini mbele yangu, kwa hiyo nilipoona video sikushangaa. Nilidhani kisiwa chote kiko hivyo. Nimeweka hapa chini picha ya skrini ya ile video na risiti tatu za pesa, jina la mpokeaji nimelifuta.

KaraniWaArdhi
Nimeziangalia risiti. Tarehe ni tatu tofauti, na pesa imetoka kweli. Wanaosema chai, tulieni kwanza.

Mwana_Jambiani
Na mie nilidhani katunga, nisamehe. Lakini kama video ni hiyo, basi nyumba hiyo haiko Paje. Tazama picha: maji yamekuja hadi kwenye ngazi, na ni rangi ya kina. Mie naona kama ni kaskazini, Kendwa au jirani yake, huko jua linazama majini na maji hayaondoki kama kwetu. Nyumba ya mbele ya bahari kule haiuzwi dola 38,000. Alikutumia lokesheni ya Paje?

MwalimuWaNjoro
Alinitumia. Nimekutumia faragha. Mikono inatetemeka.

Ngoma_Droo
Mwalimu nisamehe kwa lile neno.

Dada_Tumaini
Usimpigie dalali sasa hivi. Usimwambie chochote, na usitume hata shilingi. Hifadhi ujumbe wote na zile sauti alizokutumia.

KaraniWaArdhi
Nakazia. Halafu benki yako asubuhi na mapema, na polisi uandikishe, hapo Nakuru. Fungu la mwisho ni la wiki iliyopita, wahi.

Mwana_Jambiani
Kesho baada ya alfajiri napita na pikipiki, si mbali.

Mwana_Jambiani
Nimefika. Hapo alipokutumia hapana nyumba. Pana kamba za mwani zimeanikwa, kisima cha zamani, na ukuta wa mawe wa kiuno. Kina mama wanaoanika hapo wanasema eneo ni lao, hawajui habari ya kuuzwa. Nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani. Kasema mauziano yoyote ya hapa lazima yapitie kwake, na hili halijui, ila wewe ni mtu wa tatu kuulizia kiwanja hicho tangu Ramadhani. Mmoja alikuja mwenyewe na mabegi na watoto. Sheha yuko tayari kukuandikia barua kwa ajili ya polisi. Nimekupigia picha ya mahali penyewe, jua ndiyo linatoka, lione lilivyo.

MwalimuWaNjoro
Nimeiona. Kaka yangu, Mungu akulipe. Naomba namba ya sheha kwa faragha.
Mume wangu anakamua, namsikia anaongea na ng'ombe. Akirudi ndani namwambia, kabla hatujanywa chai.