Haidromita imevunjikia ndani ya ndoo ya bia

Swali: Wadau, haidromita ya kioo (kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa bia) imevunjikia kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 20 za bia inayoendelea kuchacha. Kioo na vile vitufe vidogo vya uzito vimezama. Inaokoleka?

Kimea: Anza na vitufe. Funga sumaku kwenye mfuko safi wa plastiki, uishushe kwa kamba hadi chini. Vikinasa, ni chuma. Visiponasa, vichukulie kuwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, maana haidromita nyingi za zamani zina risasi. Bia ina pH ya 4 hadi 4.5, asidi inayotosha kuiyeyusha taratibu, na hakuna kuchuja wala kuchemsha kutakakoiondoa. Mwaga.

Pipa la Mwaloni: Kama ni chuma, usitikise ndoo. Kioo ni kizito kuliko bia, kitatulia kwenye mashapo ya hamira. Ikimaliza kuchacha, ihamishe kwa bomba la mpira kutoka juu, mdomo unaoingia ndani ukiwa umevishwa mfuko wa nailoni wa matundu madogo. Acha lita 4 za chini. Koki ya chini ya ndoo usiifungue kabisa. Wala usimimine kupitia chujio: oksijeni itaingia na bia itanuka karatasi iliyolowa.

Kimea: Mfuko haunasi chembe ndogo za kioo, na gesi ya uchachushaji huzipandisha juu. Mimi nisingeinywa. Ndoo nayo itupe, mikwaruzo huficha bakteria. Safari nyingine chota sampuli, pimia kwenye silinda nje, usiirudishe.