Mafundi mnaotupa sponji za kioo, na viwanda mnaobandika gundi tu: mnatuulia skrini

Wakuu, habari za humu. Nina hasira na leo naimwaga yote.

Kazi yangu ni skrini: televisheni, monita, laptopu, simu mara chache. Imefika mahali kifaa kikiletwa kwangu baada ya kupita kwa fundi mwingine, najua nitakachokuta kabla sijashika bisibisi. Sponji, yaani vile vipande laini ambavyo kioo hulalia ndani ya fremu, hazipo. Raba za kona hazipo. Kioo kimelazwa juu ya chuma kikavu, au kimeshindiliwa kwa kipande cha boksi kilichokunjwa, na mwenye mali ameshaambiwa "kioo kimekufa, tafuta TV nyingine". Mara nyingi kioo hicho kilikuwa kizima siku kilipofunguliwa!

Iliyonimaliza uvumilivu ni televisheni ya inchi 55 iliyotoka kubadilishiwa taa za nyuma. Taa zinawaka vizuri, hilo sikatai. Lakini kona ya chini kushoto inavujisha mwanga mweupe hata picha ikiwa nyeusi tii, na ukingo wa juu una utando kama wa ukungu. Nafungua fremu ya mbele, skrubu zimekazwa mpaka plastiki imepauka kuzizunguka. Kwenye ile kona, sponji ya kiwandani ya milimita 1 imebanduliwa, na mahali pake kuna vipande viwili vya gundi ya pande mbili, ile nene ya povu, kimoja juu ya kingine. Nikapima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: vimepita milimita 2. Kioo chote kimelala sawa isipokuwa kona moja iliyonyanyuliwa, halafu fremu ikaja juu ikakandamiza. Niliwasha TV, nikalegeza skrubu za upande ule tu, doa likaanza kufifia naliangalia. Nikatoa ule uchafu, nikaweka kipande cha unene unaotakiwa, doa likaisha kabisa. Kioo "kilichokufa" hicho!

Ule utando wa juu haukutoka. Huyo bwana alikuwa amebandika kwa supaglu ncha za karatasi za mwanga, zile za plastiki zilizo nyuma ya kioo za kusambaza mwanga wa taa. Supaglu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ule hutua jirani ukaacha weupe. Karatasi imeharibika, hakuna spiriti wala kitambaa kitakachoirudisha.

Sasa niseme kwa nini hili jambo linanitoa mapovu, maana nikilalamika naambiwa "ni sponji tu hiyo, mkuu". Paneli ya LCD, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha, ni vioo viwili, na kwa kawaida hakuna kinachofika unene wa hata milimita 1. Katikati yake kuna nafasi ya mikromita 3 hadi 5 hivi, ndimo kimiminika kinachopitisha au kuzuia mwanga kilimo. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kumi na zaidi. Ukibonyeza kona, nafasi inabadilika. Ukikipinda kioo kidogo tu, mkazo ulioingia ndani yake unageuza mwanga unaopita, na mwanga uliotakiwa kuzuiliwa unapenya. Ndiyo maana doa linakaa konani na pembezoni, penye skrubu na penye ndoano za fremu. Fundi anayeona doa konani na kukimbilia kusema paneli ni mbovu, bila hata kulegeza skrubu moja, analipua kazi kwa mali ya mwenzake.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo watu wengi hawataki kabisa kusikia. Chukua hiyo hiyo inchi 55, upana wake ni kama milimita 1,217. Joto la ndani likipanda nyuzi 30, kioo kinarefuka kama milimita 0.13. Chuma cha nyuma kinarefuka kama 0.4. Lakini bamba la akriliki linalosambaza mwanga linarefuka kama milimita 2.5! Vitu vitatu ndani ya fremu moja, kila kimoja kinakwenda mwendo wake kila ukiwasha, na kinarudi kila ukizima. Kwa sababu hiyo kiwandani wanaacha upenyo pembeni. Kwa sababu hiyo zile karatasi za mwanga zina masikio yenye matundu makubwa kuliko vijiti vinavyoyashika. Yale matundu hayakukosewa, wakuu! Yameachwa makubwa ili karatasi ipate pa kwenda. Wewe unakuja na selotepu unabandika kona zote nne "zisicheze", mteja anafika nyumbani, baada ya saa moja karatasi zimejikunja na picha ina mawimbi. Anakurudia, unamwambia kioo.

Paneli inatakiwa ishikwe, isibanwe. Chini ikalie raba, maana uzito wote wa kioo unatua pale TV ikisimama. Pembeni na juu ipewe nafasi. Nyuma ilalie sponji, mbele iguswe na sponji nyepesi ya fremu. Sponji yenyewe ibanwe kiasi, kama robo ya unene wake hivi, ibaki na uwezo wa kusukuma na kurudi. Ukiona umelazimika kuikandamiza fremu kwa goti ili ndoano zilie "ta", simama hapo hapo. Kuna kitu kimezidi unene.

Zile raba za chini zinaniuma zaidi, kwa sababu madhara yake huonekana fundi akiwa ameshakula hela. Ukizitoa, ukingo wa kioo unakalia chuma. Kioo hupasuka kuanzia ukingoni, kwenye kijeraha ambacho hata jicho halikioni. Mtu anahamisha TV kutoka chumba kimoja kwenda kingine, inatikisika kidogo, asubuhi anakuta mpasuko umepanda kutoka chini mpaka katikati. Ataapa hakuigonga, na ni kweli hakuigonga. Tena paneli ikishuka hizo milimita chache, zile riboni nyembamba za nyaya zilizogandishwa kwenye ukingo wa kioo zinavutwa au zinakunjwa kwenye ncha kali ya chuma. Matokeo yake ni mistari ya kusimama, na mistari ya aina hiyo ndiyo inayomfanya mtu atupe televisheni nzima.

Na hizo mnazoweka badala yake? Nimetoa vipande vya kandambili. Nimetoa sponji ya kuoshea vyombo, imeshagandamana imekuwa kama karatasi, haisukumi chochote. Nimetoa silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki, imepakwa ukingo mzima karibu na riboni. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, na asidi inakula shaba. Mtu mwenye akili timamu anaipakaje jirani na nyaya nyembamba kuliko uzi? Kuna pia zile sponji zilizovikwa kitambaa cha rangi ya fedha, wengi wanazichomoa wakidhani ni pambo. Zile zinapitisha umeme: zinaunganisha chuma na chuma ili kelele za umeme (siyo sauti, ni mawimbi yanayovuruga saketi) na chaji tuli zipate njia ya kutoka. Ukizitupa usishangae TV ikianza vituko.

Msidhani nawaonea mafundi peke yao. Watengenezaji nao wana kesi, tena kubwa. Wamekimbilia skrini zisizo na ukingo, fremu ya mbele imeondolewa, kioo kinashikiliwa na mkanda wa gundi ya pande mbili uliozunguka fremu ya kati. Dukani inapendeza. Siku ya kubadilisha taa moja ya nyuma, inabidi uung'oe mkanda ule kwa joto na uzi, kioo chembamba cha zaidi ya mita moja kikiwa kinaning'inia, na kosa la mkono mmoja linamaliza kila kitu. Laptopu nyembamba ni hivyo hivyo: skrubu wametoa, wameweka vile vibanzi vya gundi vya kuvuta, vinavyotakiwa kuvutwa taratibu karibu usawa na kioo mpaka virefuke na kuachia. Kikikatikia ndani, watu wanaingiza bisibisi nyuma ya paneli na kuinyanyua. Kreki! Tena vibanzi hivyo havirudiwi, vikishavutwa vimeisha, na kuvipata vya saizi ile ile ni mtihani.

Kwenye simu mambo ni mabaya zaidi, ila sitakaa sana huko. Nyuma ya kioo cha OLED, aina ya skrini inayotoa mwanga yenyewe bila taa za nyuma, huwa kuna sponji nyembamba yenye tabaka la shaba au grafaiti la kutawanya joto. Vioo vingi vya bei rahisi vinakuja bila hiyo, na betri ikivimba hata kidogo inakutana na kioo uso kwa uso.

Kinachonichefua ni kwamba ni nadra mtengenezaji kuihesabu sponji kuwa spea. Hata kule wanakosifiwa kwa sheria za matengenezo bado. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2021 ya skrini, iliyoanza kutumika Machi 2021, inataka mafundi wapatiwe spea kwa angalau miaka 7 baada ya kifaa cha mwisho kuingia sokoni: pawa saplai ya ndani, viunganishi, kapasita kubwa, betri. Sponji na raba za paneli hazimo. Kitu kinachoamua kama kioo kitaishi au kitapasuka, mara nyingi fundi hakioni namba, hakioni mchoro, hakioni unene ulioandikwa. Kisha sponji za poliyurethani zinaoza zenyewe kwa joto na unyevu, ukizigusa zinakuwa unga. Tufanye nini? Tukisie?

Wenye vifaa, msikubali kufungwa macho. Kabla hujamwachia fundi, piga picha skrini ikiwa nyeusi kwenye chumba chenye giza, kona zote nne. Ukirudishiwa, piga tena. Ukikuta mwanga mpya konani, mwambie afungue mbele yako na alegeze skrubu. Akikataa, umeshajua. Na TV ikisafirishwa isimame wima, isilazwe kifudifudi juu ya godoro kama nionavyo kila siku.

Mafundi wenzangu, ombi langu ni dogo. Weka sponji kila moja kwenye karatasi uliyoichora umbo la fremu, kona kwa kona, kabla hujagusa kitu kingine. Iliyooza pima unene wa kipande ambacho hakikubanwa, siyo kilichokaa chini ya kioo miaka mitano, hicho kimeshalala. Kaza skrubu kwa mkono, pande zinazotazamana, kidogo kidogo.

Na kwa kuwa viwanda havitupi vipimo, tuviweke sisi hapa hapa. Andika namba ya paneli iliyo kwenye stika nyuma ya paneli yenyewe, siyo jina la modeli ya TV, maana modeli moja inaweza kutoka na paneli tofauti tofauti. Andika unene wa sponji za nyuma, za fremu ya mbele na raba za chini, kwa milimita, na useme umepima kwa kalipa au kwa rula. Za rula nitaziweka kando. Naanza mimi kesho na zile nilizonazo mezani.